Niliyesomea Upepo

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, kama saa kumi jioni, nyanya yangu alizima redio, akatoka nje nilikokuwa nimekaa na simu, akaniuliza swali nililokuwa nimelikwepa kwa karibu miaka miwili.

"Wakesho, ni wewe uliyesomea upepo. Tuondoke ama tukae?"

Siku hiyo rais alikuwa amehutubia taifa, akasema nchi huenda ikakumbwa na kimbunga chake cha kwanza katika historia, na kwamba shule hazitafunguliwa mpaka itangazwe tena. Kimbunga chenyewe kilikuwa na jina, Hidaya, na kilikuwa baharini kikielekea pwani ya Tanzania. Mjomba wangu wa Mombasa alikuwa amepiga simu mara nne akitaka mama yake ashushwe Voi mjini, kwa binamu mwenye nyumba ya mawe. Kwa grupu ya familia kulikuwa na picha ya duara jekundu lililofunika kila kitu kutoka Lamu hadi Mtito Andei. Hakuna aliyejua imetoka wapi. Chini yake, mikono ya maombi kama hamsini hivi.

Nyanya anaishi Mbololo, kwenye mteremko unaotazama tambarare. Ukisimama mlangoni pake unaona mkonge, barabara ya Mombasa, reli, na nyuma yake Tsavo ikienda hadi macho yachoke. Nusu ya paa lake ni bati kuukuu lenye kutu, nusu nyingine inang'aa hadi inaumiza macho. Hiyo nusu inayong'aa ni mimi. Nitaeleza.

Shida ya lile swali ilikuwa hii: mimi sikusomea upepo. Nilianza tu, nikaacha. Na kwa ufahamu wangu, nyanya alikuwa hajui.

Mwaka 2019 nilipata nafasi ya chuo kikuu. Nilikuwa nimeomba uanahabari, nikapewa metiorolojia. Mjomba alidhani ninaenda kusomea vimondo. Mama alinyamaza, akatafuta mtu wa kumuuliza kama kuna kazi huko mbele. Ni nyanya pekee aliyeniuliza mimi mwenyewe, nikamwambia ni kusomea upepo na mvua, akasema, "Hiyo ni kazi ya maana. Hao wengine wanasomea nini?" Tangu siku hiyo, kanisani, sokoni, kwa majirani, nikawa yule msichana anayesomea upepo.

Mwaka wa kwanza ulienda. Wa pili ukaja na korona, tukarudishwa nyumbani, na tulipoitwa tena karo ilikuwa imetungoja palepale, haikuugua. Mama alikuwa akiuza mitumba Voi na hakukuwa na mtu wa kununua. Mwanzoni mwa 2021 nyanya akauza mikaratusi.

Ilikuwa kumi na mmoja, mstari mmoja, upande wa mashariki wa boma, upande wa tambarare. Babu aliipanda miaka ya themanini. Sitaki kumpamba: hakuipanda kuzuia upepo. Jirani alikuwa anasogeza mpaka usiku, hatua moja kila masika, na babu akaona mti hausogezeki. Lakini mti haujui umepandiwa nini. Nilikua nikisikia ile miti ikivuma mwezi wa Julai, kusi ikipanda kutoka tambarare mchana kutwa, na nyuma yake, uani, tulianika mahindi bila hata kuweka mawe kwenye kingo za turubai. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilidhani uani ndivyo kulivyo.

Mnunuzi alikuja na msumeno wa petroli na vijana watatu. Siku mbili, kazi ikaisha. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Nairobi kwenye foleni ya chakula, meseji ikaingia, nikaona nyanya ametuma pesa. Ukipiga hesabu, karo ya semista mbili ni miti kumi na mmoja, na chenji kidogo niliyonunulia bando.

Mwaka wa tatu kulikuwa na somo la mwendo wa hewa. Milinganyo tupu. Mlinganyo wa upepo si mrefu ukishauzoea: hewa inasukumwa kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo, mzunguko wa dunia unaipindisha, huku kwetu kusini mwa ikweta unaipindisha kushoto, kuna uzito wa hewa yenyewe, na mwisho kabisa, kama mtoto wa kambo, kuna herufi F. Hiyo ni msuguano. Hewa ikikwaruzana na ardhi, na miti, na nyumba, na mawimbi. Na karibu kila wiki mhadhiri aliandika ubaoni: tuchukulie F ni sifuri. Simlaumu, ndivyo inavyofundishwa, na ukipanda kilomita moja hivi kutoka ardhini F kweli inakaribia sifuri. Sura ya msuguano ilikuwa ya mwisho katika muhula.

Sikuifikia. Nilikuwa na deni, jina langu halikuwa kwenye orodha ya mtihani. Hiyo ndiyo hadithi ninayowaambia watu na ni ya kweli, lakini si yote. Nilikuwa nimefeli jaribio la katikati ya muhula, nilikuwa nimechoka, na ningeweza kupigana kuliko nilivyopigana. Nilibeba begi nikashuka Voi. Niliondoka chuoni F ikiwa bado sifuri.

Voi nilikodi bedsita nikaanza kuandika. Makala za maduka ya viatu ya mtandaoni, sifa za hoteli ambazo sijawahi kulala, na, kwa kuwa mwenye nyumba hapokei maadili kama kodi, kazi za shule za wanafunzi wa nchi za mbali wasiotaka kuziandika wenyewe. Tuko wengi tunaofanya hiyo kazi nchi hii. Wewe unayesoma hapa labda ni mmoja wetu. Sijivunii, na pia sitalia mbele yako.

Halafu ikaja vuli ya 2023, ile ya El Niño, mnaikumbuka. Jumamosi moja ya Novemba nilikuwa Mbololo. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, hakuna jani lililotikisika. Kufikia saa nane wingu lilikuwa limesimama juu ya tambarare, jeupe kileleni, jeusi chini, na chini yake pazia la mvua lililoning'inia bila kugusa ardhi. Nyanya akasema tuanue mahindi. Hatujamaliza, nikaona vumbi jekundu likija kutoka upande wa mkonge, ukuta mzima, na mbele yake hewa ya baridi, ile ya kufungua friji. Haikuchukua dakika tano. Ya jikoni yaliondoka yote. Ya nyumba kubwa yaliondoka upande wa mashariki, moja baada ya jingine, kwa mpangilio kabisa, kama mtu anayefungua vifungo. Upepo hausukumi bati, unalinyonya kutoka juu. Hilo nilisoma baadaye. Bati moja lilikwama kwenye mwembe likiwa limejikunja. Jingine lilimkata nyanya juu ya jicho. Nyuzi tano kwenye zahanati.

Jioni, kitambaa kikiwa kichwani, alisimama uani akitazama chini tambarare. Akasema kwa Kidawida, polepole, na natafsiri: "Upepo umepitia pale miti ilipokuwa."

Hakuwa akinilaumu. Nyanya akikulaumu utajua. Alikuwa anasema alichokiona. Afadhali angenilaumu.

Februari 2024, usiku, kazi ikaingia. Kurasa nane ndani ya saa 18. Mada: jinsi msuguano wa uso wa dunia unavyounda misukosuko ya hali ya hewa isiyotulia katika tropiki. Yule anayetugawia kazi aliuliza kwa grupu nani anaweza hii, watu wote wakanyamaza kimya, hata wale wa kuandika kila kitu. Nilitazama ile mada kwa muda. Ilikuwa F. Ilikuwa ile sura ya mwisho, imenifuata hadi Voi, na mara hii mtu ananilipa. Nikaandika: mimi.

Nilichodhani ninajua ni kwamba msuguano ni breki. Upepo ukikwaruza kitu unapungua, stori imeisha. Kumbe hiyo ni nusu tu, tena nusu ndogo.

Chukua kikombe cha chai isiyochujwa, yenye majani. Koroga, toa kijiko, ngoja. Majani yanajikusanya chini, katikati. Hebu fikiria, si ilipaswa yarushwe pembeni? Einstein aliandika kuhusu hilo mwaka 1926, akieleza kwa nini mito hupinda. Maji yanayozunguka hulundikana kidogo ukingoni, kwa hiyo kuna msukumo wa kuyarudisha katikati, na ni mwendo wao wa kuzunguka tu unaoyazuia yasirudi. Lakini maji yaliyogusa sakafu ya kikombe yamekwaruzwa. Mwendo umepungua, hayana tena nguvu ya kukataa. Yanasukumwa katikati, yanakokota majani, kisha yanapanda juu. Majani, kwa kuwa ni mazito, yanabaki hapo. Nilikoroga vikombe vitatu usiku ule. Kila mara yalikuja.

Sasa kifanye kikombe kiwe na upana wa kilomita mia kadhaa, ukiweke juu ya Bahari ya Hindi. Juu angani hewa inalizunguka eneo la mgandamizo mdogo bila kuingia: mgandamizo unaivuta ndani, mzunguko wa dunia unaipindisha nje, wanatoshana. Ingeweza kuzunguka hivyo wiki nzima na usione tone. Ila chini, kwenye ile kilomita ya mwisho, hewa inakwaruza mawimbi. Inapungua mwendo. Na nguvu ya kupindishwa na dunia hutegemea mwendo, kwa hiyo nayo inapungua, mgandamizo unashinda, na upepo unaanza kukata kuelekea ndani. Juu ya bahari kwa nyuzi kama 10 hadi 20, juu ya nchi kavu 30 au zaidi. Inafanya hivyo kutoka pande zote. Ikikutana katikati haina pa kwenda ila juu, na inapanda na mvuke wote ilioubeba kutoka baharini. Mvuke unageuka maji, unatoa joto, hewa inakuwa nyepesi zaidi, inapanda zaidi, inavuta nyingine nyuma yake. Hiyo ndiyo maana ya "isiyotulia". Hewa ya tropiki mara nyingi iko tayari kupanda, ikipata tu wa kuinyanyua hatua ya kwanza inajimalizia yenyewe. Msuguano ni mmoja wa wanaoinyanyua.

Aliyeikokotoa hesabu hiyo alikuwa Mswidi, Vagn Walfrid Ekman, mwaka 1905, na wala hakuwa akiwaza mvua. Nansen wa Norwei, meli yake Fram ikiwa katika safari ya kunaswa na barafu ya kaskazini kutoka 1893 hadi 1896, aliona barafu haifuati upepo unakoelekea, inapinda kulia. Ekman akaeleza kwa nini. Mwaka 1964 Jule Charney na Arnt Eliassen wakaichukua hesabu ile wakaipeleka kwenye vimbunga, wakasema kitu kilichonifanya niweke simu chini: msuguano, huo mnaoudhani unaua dhoruba, ndio unaoilisha. Miaka ya themanini wengine, Kerry Emanuel akiwemo, wakasema la, chakula chenyewe ni joto na mvuke unaotoka baharini, hivyo vya kukusanyana ni matokeo tu. Kwenye karatasi yangu niliweka pande zote mbili kwa sababu nilihitaji kufikisha kurasa nane. Lakini hata Emanuel haifanyi F kuwa sifuri. Joto lake linatoka palepale, mahali upepo na maji vinapokwaruzana.

Nikafikiria mlima wetu. Kusi hutoka baharini, hupita juu ya nyika ya Taru hadi Voi bila kuacha kitu, mbuzi wanakula karatasi. Kisha inagonga Mbololo. Ukipanda hadi msituni juu asubuhi ya Julai, wingu limekaa ndani ya miti, kuvu na majani vinadondosha matone na kumbe mvua hainyeshi. Kuna ndege mle wasiopatikana kokote duniani nje ya milima ya Taita. Voi hupata milimita mia tano na kitu za mvua kwa mwaka. Vilele vya Taita hupata mara mbili na zaidi. Ni hewa ileile. Tofauti ni kwamba huku imezuiwa njia, ikalazimika kupanda.

Nilituma kazi alfajiri. Mwanafunzi yule, popote alipo, alipata alama nzuri, nikatumiwa emoji ya moto. Pesa ilinunua mabati sita. Ndiyo hayo yanayoumiza macho.

Lakini swali langu la usiku ule halikuwa la vimbunga. Lilikuwa: je, ile miti ingezuia?

Ile ya Novemba ilikuwa mvua ya radi ya kawaida ya vuli. Lile pazia lisilogusa chini lilikuwa likikauka ndani ya hewa kavu ya tambarare. Mvua ikikauka inapoza hewa, hewa ikipoa inakuwa nzito, inaanguka, inagonga ardhi na kutawanyika kama ndoo ya maji iliyomwagwa kwenye saruji. Na kutoka pale ilipoanguka hadi kwa nyanya kulikuwa na nini cha kuikwaruza? Mkonge. Vichaka. Reli. Wataalamu wana kipimo cha jinsi uso wa ardhi unavyokwaruza upepo: bahari tulivu haifiki hata milimita moja, msitu unafika mita moja. Uwanda wa vichaka vifupi ni sentimita tu. Mstari wa miti hupunguza upepo nyuma yake kwa umbali wa mara kumi ya urefu wake, hata zaidi. Mikaratusi ya babu ilikuwa imepita mita 20. Nyumba iko mita 30 kutoka kwenye visiki. Kwa hesabu hiyo, nyanya angekuwa ndani kabisa ya kivuli cha upepo, na jicho lake lisingeshonwa, na sababu ya kushonwa ni karo ya msichana ambaye hakumaliza.

Hiyo ni hesabu ya kwanza. Ya pili inasema: kipimo hicho ni cha upepo unaokuja kwa utaratibu, kama kusi. Upepo uliotoka kwenye wingu hauna adabu hiyo. Na mkaratusi mzee kwenye mteremko uliolowa mvua ya wiki tatu ungeweza kung'oka, ukaja na upepo, ukalala juu ya kitanda. Kwa hesabu hii karo yangu ilimwokoa. Nimezifanya zote mbili mara nyingi, hasa usiku. Zote zinakubali.

Basi, turudi kwa ile Ijumaa. Nyanya amesimama mbele yangu, kovu juu ya jicho, anangoja jibu.

Nikasema, "Nyanya, mimi sikumaliza."

"Najua. Mama yako aliniambia kitambo." Akavuta kigoda akakaa. "Hukumaliza, lakini ulianza. Mimi nauliza kile cha mwanzo."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Miaka miwili nilikuwa nikipanga uongo wa kuhitimu, kwamba gwaride la mahafali limeahirishwa, kwamba vyeti vimechelewa, na mwanamke huyu amekaa nao tu, ananitazama nikiupanga.

Basi nikamweleza. Nikamwambia kimbunga kinahitaji dunia ikizungushe, na dunia haizungushi hewa sawa kila mahali. Kwenye ikweta msukumo huo ni sifuri. Hapa Mbololo, nyuzi 3 na kidogo kusini, ni kama theluthi moja ya ule wa Mtwara. Ndiyo maana ukitafuta vimbunga vikubwa vya pwani hii unashuka kusini: Lindi mwaka 1952, Zanzibar, iliyo nyuzi 6, Aprili 1872, kile kilicholaza mikarafuu ya Unguja hadi Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Pili, nikamwambia, kutoka baharini hadi hapa ni zaidi ya kilomita mia moja za nchi kavu. Watu husema nchi kavu huua kimbunga kwa kukikwaruza. Kinakwaruzwa, ndiyo, na upepo wa chini hupungua. Lakini kinachokiua hasa ni njaa. Juu ya nchi kavu msuguano unakusanya hewa kwa bidii kuliko baharini, ila hewa yenyewe haina mvuke wa kutosha tena. Inaitwa karamuni, sufuria tupu.

Nyanya alisikiliza hadi mwisho. Ananisikiliza hivyo na mahubiri pia, kichwa upande mmoja. Kisha akauliza, "Na ile ya Novemba, ilikuwa na jina?"

Nikasema hapana.

"Redio iliitangaza?"

"Hapana."

"Hm," akasema. "Hizo ndizo zinazonijua mimi."

Na hapo alikuwa ameshika kitu ambacho sikuwa nimekisema kwa sababu kingeharibu jibu langu. Sikuweza kumwahidi kitu kuhusu wingu moja la mchana juu ya Tsavo. Ningeweza kumwambia tu kuhusu Hidaya. Nilimwambia hivyo, nikaongeza kwamba nyumba ya binamu Voi iko karibu na mto, na mwezi huo mito yote ya Kenya ilikuwa imefura. Tukae, nikasema.

Mjomba aliponipigia hakupaza sauti. Alisema tu, "Sawa. Ikitokea kitu, ni wewe." Akakata.

Tulipandisha tairi mbili kuukuu na mawe juu ya paa, nikiwa nimeshikilia ngazi na kijana wa jirani, mjukuu wa yule yule wa kusogeza mpaka, akiwa juu. Usiku nyanya alilala, na alikoroma. Mimi sikulala. Nilikuwa na bando la saa ishirini na nne na nilikuwa nikifungua ukurasa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kila baada ya dakika chache. Nilikuwa nikisikiliza bati. Nilijua ile hesabu ya latitudo ni sahihi, na bado kila bati lilipopiga mlio nilihisi nimemuua mtu.

Jumamosi tarehe 4, Hidaya kiliingia kisiwani Mafia, na kabla ya Jumapili Tanzania ikatangaza kwamba kimepoteza nguvu. Sisemi kwamba hakikufanya kitu. Boti za Zanzibar zilisimamishwa, Kilwa mvua ilimwagika vibaya, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika pale Somanga. Kuna watu walioamka wakiwa kwenye maji wakati mimi naandika ujumbe kwa grupu ya familia kwamba tuko salama. Mbololo kulikuwa na mawingu na upepo wa kusumbua kuku.

Mjomba alijibu kwa kumshukuru Mungu. Dakika kumi baadaye grupu ilikuwa imerudi kwenye mchango wa harusi.

Jumapili, tuliporudi kanisani, nyanya alivua viatu vya heshima akatoka na panga mbili. Visiki vya mikaratusi vilikuwa vimechipua siku nyingi. Ukame wa 2021 na 2022 uliyadumaza machipukizi, kisha zile mvua za El Niño zikayaamsha, na sasa kila kisiki kilikuwa na fimbo saba au nane ndefu kunipita, zimesongamana, hakuna inayonenepa. Ukitaka mti unaacha mbili kwa kila kisiki, nyingine unakata.

Nilimwambia mkaratusi unakunywa maji sana, kwamba ni heri tupande miti ya kienyeji kama ile ya juu msituni. Akasema tupande, hakuna aliyekataza, ila hiyo ya kienyeji yeye hatakuwepo ikikua, na paa analo sasa.

Tukaanza na kisiki cha upande wa jirani. Akaniuliza niache zipi. Nilizitazama, nikamwonyesha mbili zilizosimama upande wa tambarare, upande upepo unakotoka, nikaanza kueleza kwa nini.

"Acha nene," akasema, na akakata zile mbili zangu.

Tulikuwa kwenye kisiki cha saba mvua ilipoanza.